Umri Umeandikwa Mara Mbili

Kompyuta ilikataa tena. Ilidai kwamba umri umeandikwa mara mbili.

Plamedie, mwanafunzi aliyefika asubuhi hiyo kujifunza kazi katika ofisi ndogo ya programu mjini Bunia, alisogeza kiti karibu na Mama Gertrude. Programu ilikuwa ya chanjo, na wauguzi wa kambi ya wakimbizi waliingoja kabla ya saa sita. Ikichelewa, watoto wangerudi kwenye mahema bila sindano.

Klasi, yaani yale maelezo yanayoiambia kompyuta mtoto ni nini, ilikuwa moja tu. Ila ilikuwa imegawanywa katika mafaili mawili: moja la Gertrude, la pili la mumewe, Laurent. Kompyuta ndiyo iliyoyaunganisha. Sasa kila faili lilikuwa na hesabu yake ya umri.

"Tufute ya Laurent," alisema Plamedie. "Ya kwako iko muzuri kupita."

"Fishie ya Laurent, usiiguse," alisema Gertrude, akilifunika faili hilo kwa kiganja kwenye skrini.

"Basi tufute ya kwako."

Gertrude alikuwa amevaa nyeusi tupu, na kichwa chake kilichonyolewa kilikuwa kinaanza tu kuota nywele. Kila alipolitaja jina la Laurent, aligeuza uso kando. Plamedie alijiona mtu mzima, aelewaye mambo bila kuambiwa. Akasikia uchungu kweli: mume ameondoka, kilichobaki ni kazi ya mikono yake, na yeye hapa anataka kuifuta.

"Juu ya nini mulikata klasi moja vipande viwili, mama?" aliuliza, walau wabadilishe mazungumzo.

"Juu kila mutu aandike ya kwake, bila kuuliza mwenzake."

"Mulikuwa munapendana sana."

"Sana."

Simu ililia. Muuguzi aliuliza kama waendelee kungoja, maana akina mama walikuwa wameshapanga mstari juani. Gertrude alimwomba awavumilie kidogo, akaweka simu chini, kisha akalia waziwazi.

Plamedie alimshika mkono.

"Pole, mama. Kazi ya Mungu haina makosa. Amulaze Baba Laurent pahali pema."

Gertrude alimtazama kwa mshangao, akapangusa macho. Alinyoosha kidole kwenye mlango uliofungwa wa chumba cha pili.

"Laurent iko mule, ku kazi. Enda umuulize nani kati yetu afute. Miye na ye hatujasemezana toka tuzike mutoto wetu."