Lalamiko la Thelathini

Haki ya Mungu, haya ni ya kweli tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Atakayenikuta nimeficha kitu, anitoze.

Kitambaa chekundu juu ya mlingoti wa dampo kilikuwa kinapepea kuelekea mashariki. Nyumba ya mzee mmoja mstaafu iko magharibi. Na bado simu ililia.

"Leo uvundo ni tano," mzee alisema. Tano ndiyo alama ya juu kabisa. "Njoo upime mwenyewe, mwanangu."

Mpokea malalamiko, dada ambaye wenzake walimwita Pua, aliweka simu chini akalikodolea macho daftari. Malalamiko ishirini na tisa tangu mwaka uanze. Ishirini na tano yametoka kwa mzee huyo huyo.

"Likisainiwa la thelathini, lango la dampo linafungwa," msimamizi alisema, kana kwamba kuna mtu amesahau. "Watu arobaini tunarudi nyumbani kutazamana. Huyo babu ana mtu nyuma yake, nakwambia. Dalali wa viwanja."

Pua naye alikuwa na yake moyoni. Utaratibu wa kazi ulimtaka afike ndani ya saa moja, aketi dirishani na mlalamikaji nusu saa nzima, maana harufu huja na kuondoka, kisha wote wawili watie saini. Kila alipokwenda alikuta viti viwili vimeshapangwa dirishani na vikombe viwili vimeshaoshwa. Nani humwandalia adui chai?

Halafu kulikuwa na ile siku ya buti. Zilikuwa zimelowa maji ya taka, zinanuka hata yeye mwenyewe akaona haya. Akainama azivue nje.

"Aa, ingia nazo tu," mzee alimwambia, akamkaribisha mpaka kwenye zulia.

Huyo ndiye mtu anayelalamikia uvundo ulio umbali wa nusu kilomita!

Pua alipekua daftari ukurasa kwa ukurasa, kidole kikifuata tarehe. Yote ishirini na tano yaliingia siku za zamu yake. Siku za mwenzake, yule bwana anayepima amesimama mlangoni huku akitazama saa, nyumba ile haikunuka hata kidogo.

"Bosi, ananiwinda mimi."

"Basi kamuumbue leo. Ukishindwa, tumekwisha."

Alikwenda mbio, fomu mkononi. Alipofika getini harufu ilimpiga usoni, akasimama. Hii haikuwa ya dampo.

Mzee alikuwa mlangoni, shati limepigwa pasi, tabasamu mpaka masikioni.

"Umeona? Nilikwambia tano!"

"Babu, jikoni kuna nini?"

"Jikoni? Hakuna kitu. Karibu kiti."

Pua alimpita bila kuomba radhi, akausukuma mlango wa jikoni. Moshi ukamwangukia. Sufuria ya maharage ilikuwa imegeuka mkaa, na kitambaa cha vyombo kando yake kilikuwa kimeanza kushika moto. Alizima jiko, akatupa kitambaa kwenye beseni la maji, akafungua dirisha, akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

Nyuma yake mzee alisimama akishangaa moshi, akivuta pumzi ndefu kama mtu aliye bustanini.

Pua aligeuka taratibu. Fomu ilikuwa imekunjamana mkononi mwake.

"Babu," aliuliza, "hujasikia harufu yoyote tangu lini?"

"Tangu ile homa ya mwaka juzi," nilimjibu.

Haya, mmenikamata. Nilitozwa siku ile ile: nilipelekwa dampo kwa miguu, nikafuta malalamiko yangu ishirini na tano, saini moja moja, mbele ya watu arobaini walioshika viuno. Nilipomaliza, Pua alivuta viti viwili mpaka kwenye dirisha la ofisi, akamimina chai, akatazama saa.

"Haya, babu," alisema. "Nusu saa."