Maana ya Diastase

Emérance aliwagawia wanafunzi wake vipande vya mkate, akawaambia wavitafune bila kumeza. Yeye naye akatafuna. Darasa zima likawa kimya, mashavu yakipanda na kushuka, hadi msichana wa dawati la mbele akacheka.

"Madame, inakuwa kama sukari!"

"Ni diastase inafanya vile. Iko mu mate yenu. Inavunja mukate, inageuka sukari."

"Na hiyo jina, maana yake nini?"

Miaka yote aliyofundisha somo hilo, hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Inatoka mu Kigiriki," akajibu. "Maana yake kutengana."

Akameza mkate wake, neno likabaki mdomoni. Wakati wa vita mume wake alikimbilia Mahagi na mtoto wao, yeye akabaki Bunia kumuuguza mama yake. Mama alishazikwa. Barabara ilishafunguliwa, malori yanapita kila siku. Lakini majirani walipouliza, Emérance aliwajibu kwamba mume wake anangoja usalama urudi vizuri.

Aliwatoa wanafunzi nje kabla ya kengele. Akasimama peke yake kati ya madawati, akapiga ile namba ya mume wake, ambayo siku zote alingoja impigie yeye.

Aliyepokea alikuwa mwanawe. Sauti yake ilikuwa imevunjika, imekuwa ya kiume.

"Allô? Ni nani?"

"Ni miye," alisema Emérance.

"Miye nani?"