Tongotongo la Jicho la Kushoto

"Usifute, bibi!" Daktari wa macho akaudaka mkono wake.

Leso ikabaki hewani. Kila siku ya kliniki bibi hujisugua uso mpaka ung'ae. Leo binti yake, aliyeketi kando, alimharakisha, na tongotongo likabaki kwenye jicho la kushoto, jicho lililokauka na kufa ganzi tangu augue.

"Aibu gani hii, mwanangu!"

"Si aibu. Huu ni ute, na mara nyingi jicho huutoa kwa amri ya mishipa ya fahamu. Huenda yako imeanza kuamka."

Daktari akasokota pamba ikawa kama uzi, akaligusa jicho. Siku zote akiligusa hivyo, lilibaki limekodoka tu.

Kope zikaruka.

"Ala! Utanitoboa, wewe!"

Aliyeomba leso ni binti, machozi yakimtiririka.