Stafeli la Kwanza

Binti wa mzee alipiga simu wakati napasua stafeli la kwanza la msimu.

"Dada, daktari kamruhusu baba kula vitu laini. Mpe stafeli, anayapenda mno."

"Sawa, bosi."

Nikakaa mbele ya kiti chake cha magurudumu. Tangu apooze mzee amebaki macho tu, na macho yenyewe yalikuwa kwenye sahani.

Nilivuka bahari kuja kumfanyia kazi kisiwani hapa. Msimu uliopita mastafeli yalianguka uani mpaka yakapasuka, nami nikaokota moja. Kwetu hata kuku hawanyimwi. Mzee alinipokonya, akanichimbisha shimo nikayatupa yote humo, kisha akachukua chupa ya mafuta ya taa, akayamwagia kwa mkono wake mwenyewe, nisije nikayafukua.

Basi leo nilikula taratibu. Maji yalinitiririka hadi kwenye kiwiko, nikayaramba. Mbegu nilizitema sahanini moja moja, azisikie zinavyolia.

Halafu nikachota kijiko kimoja, nikatoa mbegu, nikampelekea. Akaachama kama kinda. Chozi likamdondoka.

"Subiri kidogo, mzee wangu. Kuna kitu nimesahau."

Chupa ilikuwa palepale alipoiacha, chini ya sinki, imejaa nusu. Nikarudi nayo.

Aliitambua kabla sijafungua kizibo. Lakini siku hizi kuufumba mdomo kunamchukua muda.