Mashine ya Zakari

Haya ni kweli tupu, tangu jani la kwanza mpaka la mwisho. Anayebisha aende akauangalie wigo wenyewe, bado upo.

"Haki ya Mungu," alisema Papa Donat, kifuniko cha chupa kikining'inia vidoleni juu ya ubao wa dama, "nikisema bongo, uongo hata kidogo, mubebe mbuzi yangu."

Alikuwa anaeleza jinsi alivyowahi kutoka Kinsevere mpaka mjini akiwa amelala usingizi juu ya baiskeli. Tangu astaafu, kila alasiri alikaa kibandani kwa Kiki, pale konani, na kila alasiri mbuzi yule aliwekwa rehani kwa hadithi mpya. Uongo wa Donat haukuwa na shahidi. Ndiyo maana mbuzi alikuwa bado wake.

Na alikuwa mbuzi wa kutamaniwa. Alinunuliwa Kambove akiwa ngozi na mifupa. Sasa mgongo wake ulikuwa mpana kama kitanda. "Siri iko chumvi," Donat aliwaambia waliouliza. Marceline, mkewe, ndiye aliyempeleka malishoni kila siku.

Lakini siku hizo roho ya Donat haikuwa kwenye dama. Ilikuwa mbele ya nyumba yake, ng'ambo ya barabara, kwenye wigo wa Zakari.

Zakari alikuwa fundi cherehani, mzee kama yeye. Walipanda hibiskusi zao mwaka mmoja, kwa vijiti vya mti mmoja. Wigo wa Donat ulikuwa umevimba huku na kule kama godoro la zamani. Wa Zakari uliishia kiunoni, umenyooka kama meza ya kukatia nguo. Wapita njia walisimama kuutazama. Hata Marceline.

"Iko kama kichwa ya mutoto anatoka kwa kinyozi," alisema asubuhi moja, akiangalia ng'ambo, kwa sauti ileile ambayo zamani za uchumba alikuwa akimsifia Donat.

Tangu hapo Donat akawa anaacha nusu ya bukari, ugali wake, sahanini. Akaiacha yote alipoona bitoyo, samaki wa chumvi, wakianza kufika mezani bila yeye kuwanunua.

"Bimetoka wapi?"

"Kwa mutu mwenye roho muzuri," Marceline akajibu, akaendelea kula.

Donat akamvizia Zakari mlangoni.

"Papa Zakari, ile mashini yako ya kukata majani, inakulaka courant?"

Zakari akakung'uta vipande vya uzi begani. "Courant? Hata umeme ikikatika wiki nzima, kazi inaendelea."

"Na mbona hatuisikiake?"

"Haipendake makelele," akasema Zakari, akaingia ndani.

Kesho yake Donat akauza baiskeli, ileile ya Kinsevere, akaenda mjini dukani kwa Abibu.

Abibu akamwekea mashine mbili juu ya meza. "Hii ya kamba ya umeme iko na nguvu, papa, lakini courant ikienda, wewe unabakia na panga. Hii ya batri iko nyepesi, lakini inachoka mbiyo."

"Mi nataka kama ya Zakari. Haisikike, haiombe courant, na chini haiachake hata jani moja."

Abibu akakuna ndevu. "Ile ukiipata, papa, uniitie. Nitauza duka niinunue."

Donat akapima meno ya zile mbili kwa mkono wake. Akachukua ya batri, yenye meno marefu. Zakari ni mfupi, aliwaza. Yake haiwezi kushinda hii.

Asubuhi mashine ikanguruma mpaka batri ikakata roho. Donat akarudi nyuma kuangalia. Wigo ulikuwa umekuwa ngazi, na katikati palikuwa na tundu ambalo mpita njia angeweza kuonea sufuria jikoni.

Marceline akatoka. Akautazama wigo. Akatazama ng'ambo.

"Baba Falonne," akamwambia mumewe polepole, "ungeniuliza kwanza."

Donat hakusikia maneno hayo. Aliona tu macho yalikokwenda. Alasiri Marceline alipomfungua mbuzi na kuondoka naye, mumewe alikuwa ameshafika konani, amevimba kuliko wigo.

"Papa Donat," Kiki akamwambia, "lupango yako, ile wigo, ilipigana na nani?"

Wacheza dama wakacheka. Zakari, aliyekuwa amekaa kati yao siku hiyo, alicheka kidogo tu, na hicho ndicho kilichomchoma Donat.

"Munacheka bure," akasema. "Yangu ingali mupya, haijazoea. Mashini yangu na ya Zakari biko mutu na ndugu yake."

"Yangu unaijua?" Zakari akauliza.

"Kuijua? Ni mi nilikuchagulia. Niliishika na hii mikono. Batri yake nilibadilisha mi, meno yake nilinoa mi."

"Meno yake?"

"Moja moja. Nikisema bongo, Papa Zakari, beba mbuzi yangu."

Zakari akaweka kifuniko chake ubaoni taratibu. "Bantu, mumesikia?" akawauliza wacheza dama.

"Tumesikia," wakajibu wote.

Akasimama, akakunja kona. Wakamfuata, Donat akiwa mbele, maana alitaka sana kuiona mashine ile.

Marceline alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya wigo wa Zakari, sahani ya bitoyo mapajani, kamba imezungushwa mkononi. Mwisho wa kamba, mbuzi wa Kambove alikuwa amesimama kwa miguu miwili, kwato za mbele juu ya hibiskusi, akikata kwa ustadi, kimya kabisa.

Donat akaichukua kamba mkononi mwa mkewe, akamkabidhi Zakari. Mbuzi hakugeuka. Alikuwa amebakiza kona moja.