Konzi ya Ngano

Raya hakuwa amekula tangu jana. Ugonjwa wa tezi ya shingo ulimmaliza nguvu, na tumbo lake nalo halikupatana na ngano: kidogo tu ingemlaza kwa maumivu wiki nzima. Alitwanga mchele wake kwa kupumzikapumzika, akaukoroga unga wa vitumbua, akajilaza kusubiri uumuke.

Alipoamka, mama mkwe alikuwa ameshachoma vitumbua vyote.

“Nimekuonea huruma, mwanangu. Mchele mtupu haushikani, nikakutilia ngano.”

“Ngano, mama?”

“Konzi moja tu, hata hutaisikia. Kula. Umekonda, umebaki shingo.”

Raya alitazama kinu na mchi. Mikono yake haikuinuka kutwanga tena.

Mama mkwe akamega kitumbua, akakipuliza kipoe, akamsogezea mdomoni.