Kobe Aliyehama Ili Asali Kimya

Zamani zile wanyama wanaongea bila kuulizwa, Jogoo aliamuru kila mtu asali kwa kuwika. Asiyewika anadonolewa. Kobe yeye anapenda kusali kimya, akachoka kudonolewa, akahama. Akapanda mlima siku arobaini, akateremkia upande wa pili.

"Hapa ndo penyewe," akasema.

Hajamaliza hata sala moja, Nyenje akatua jirani, akaanza kusali kwa kuimba.

"We, nyamaza. Huku tunasali kimya," Kobe akafoka mpaka mlima ukaitika.

"Shikamoo babu. Mi nimehama kwetu kwa sababu ya kufokewa hivyo hivyo."

Kobe akacheka mpaka gamba likatikisika.

"Marahaba, mjukuu. Imba."

Akaingiza kichwa gambani. Mle ndani kimya tele, akasali mpaka akasinzia.